Mtoto Aliyekuja na Jina Lake

Inspekta Nelima alikuwa na maneno yake aliyoyatumia kwa wezi, kwa wachungaji na kwa mashahidi wazito wa kusema. "Sema ukweli," angewaambia kwa upole, "ukweli utakusaidia." Katika miaka yake ya upelelezi mjini Kitale maneno hayo yalikuwa yamefungua vinywa vingi kuliko pingu. Kama yaliwahi kumsaidia yeyote kati ya walioyasikia, hilo hakuwa amelichunguza.

Jumanne asubuhi mkubwa wake, Rotich, alimwita na kumwonyesha kiti. Rotich alikuwa mtu wa kupenda kazi iishe na watu waende nyumbani. Alimkumbusha habari za Rosaline Nakhungu, msichana wa kuokotwa aliyelelewa na familia ya marehemu mzee Gicheru, ambaye mahojiano yake ya uraia yalikuwa Alhamisi. Nelima ndiye aliyempiga msasa tangu mwanzo na hakumpata na doa. Sasa jana yake mtu alikuwa amepiga simu bila kujitaja, akadai kwamba msichana huyo ni Mganda na mama yake anajulikana.

"Alikuwa anapiga kutoka wapi?" Nelima aliuliza.

"Nitajuaje? Kulikuwa na mashine inanguruma nyuma yake. Akaniambia, 'Ngoja kidogo inyamaze,' ndio akaendelea." Rotich alijikuna kidevu. "Angalia kama kuna kitu. Kama hakuna, tufunge. Huyu mtoto amengoja vya kutosha."

Jambo lenyewe halikuwa gumu kuelewa. Mtoto akiokotwa ndani ya Kenya kabla hajafikisha miaka minane, na wazazi wake hawajulikani, katiba inamhesabu kuwa Mkenya wa kuzaliwa. Siku wazazi wakijulikana, ikaonekana ni watu wa nchi nyingine, uraia huo unaweza kumtoka. Kwa hiyo Rosaline alikuwa Mkenya kwa sababu hapakuwa na mtu aliyemjua mama yake, na kazi ya Nelima ilikuwa kuhakikisha kwamba kweli mtu huyo hayupo. Ni kazi ya ajabu, kutafuta kwa bidii kitu unachoomba usikipate.

Msichana mwenyewe alikuwa nje kwenye benchi, kama kawaida yake, amekuja kuuliza kama kuna lolote jipya. Alikuwa amemaliza mafunzo ya uuguzi kwa barua za chifu na huruma za walimu, lakini bila kitambulisho hakuna aliyeweza kumsajili kuwa muuguzi. Hospitali moja ya misheni ilikuwa imemwekea nafasi mpaka mwisho wa mwezi. Nelima alimuuliza upya yale aliyomuuliza zamani, naye akajibu yale yale: aliambiwa kwamba aliokotwa akiwa mchanga, amefungwa leso, kando ya ghala la mahindi Moi's Bridge, na mzee Gicheru ndiye aliyesikia kilio. Kila alipoulizwa jambo zito alificha vidole gumba ndani ya ngumi, akaviminya hapo mpaka alipomaliza kujibu.

"Madam, wakinikataa nitaenda wapi?" alisema. "Huko Uganda mimi hata mpakani sijawahi kufika."

Nelima alimwambia asiwe na wasiwasi. Alimpenda huyo msichana, na alipoingia kwenye gari la ofisi alikuwa anakwenda kumsafisha.

*

Mtu akipiga simu bila kujitaja, Nelima huanza kwa kujiuliza nani angenufaika. Gicheru alikuwa amefariki mwaka uliopita na kuacha shamba. Mwanawe wa kwanza, Ngige, alinunua na kuuza mahindi Moi's Bridge, na Nelima alimkuta mbele ya ghala lake akitafuna punje moja moja kujua kama zimekauka. Ndani ya ghala mashine ya kupukuchua ilikuwa inanguruma hata mtu hawezi kusikia anachofikiri. Nelima alimsalimu kwa sauti ya kawaida, makusudi, kisha akasubiri.

"Ngoja kidogo inyamaze!" Ngige alipaza sauti.

Nelima alitabasamu. Mashine ilipozimwa alimwambia kwamba amesikia maneno hayo mara mbili wiki hii, na mara ya kwanza yalikuwa kwenye simu ya bosi wake. Ngige alitema punje. Alianza kwa kukana, akaingia kwenye kulalamika, na Nelima akamwacha alalamike. Mwisho alimsogelea.

"Sema ukweli, Ngige. Ukweli utakusaidia."

Ukweli wenyewe ulikuwa mdogo na wenye harufu mbaya. Marehemu alikuwa amemwachia Rosaline kipande cha shamba cha kando ya mto, kile chenye rutuba, na Ngige hakuona ni kwa nini mtoto wa kuokotwa arithi mbele ya damu. Kuhusu mama yake Rosaline hakujua lolote. Alipoletwa nyumbani, yeye Ngige alikuwa shule ya bweni.

"Sasa Uganda uliitoa wapi?"

"Si watu huamini tu ukisema Uganda," alisema Ngige. "Madam, nilikuwa na hasira bana. Unanishika?"

Nelima hakumshika. Alimtisha kiasi cha kumnyima usingizi, akarudi garini moyo umetulia. Simu ilikuwa ya chuki na haikuwa na kitu ndani yake. Angeweza kugeuza gari hapo hapo akarudi Kitale, na laiti angefanya hivyo.

Lakini Nelima hakuwa mtu wa kuacha uzi ukining'inia. Katika maelezo ya Waithera, mjane wa Gicheru, kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwahi kulithibitisha kwa sababu lilikuwa dogo. Mama huyo alisema kwamba jina la Nakhungu mtoto alipewa na naibu wa chifu wa wakati ule, mzee Kipngetich. Mzee bado alikuwa hai, na boma lake halikuwa mbali. Nelima aliona amalize mara moja.

Kipngetich alikuwa anakagua kwato za ng'ombe wake. Alisikiliza swali, akamwangalia Nelima kama mtu anayetaniwa.

"Mimi nimpe mtoto jina la Kibukusu? Kwa nini?" alisema. "Mimi Mkalenjin. Ningepewa nafasi ningemwita Chelagat, jina la mama yangu, tumalize."

Nelima alimwomba akumbuke vizuri. Mzee alikumbuka vizuri, kwa sababu si kila siku mtu analetewa mtoto wa kuokotwa. Gicheru na mkewe walifika pamoja, mama amembeba mtoto kifuani. Yeye alitoa kalamu akauliza tumwandike nani. Alidhani watasema bado, au watampa jina la kwao.

"Mama Ngige akajibu, 'Nakhungu.' Papo hapo. Hata hakumtazama mzee wake. Nikajiambia labda ni jina la jirani yao." Mzee alirudi kwa ng'ombe wake. "Yule mtoto alikuja kwangu na jina lake tayari."

Nelima alimshukuru, akakaa ndani ya gari bila kuliwasha. Yeye mwenyewe ni Mbukusu wa Bungoma. Alijua kwamba Nakhungu si jina ambalo mwanamke wa Kikikuyu anaamka nalo mdomoni. Kwa mara ya kwanza tangu apewe kazi hii alianza kuogopa, na alikuwa anamwogopea msichana wa benchi.

*

Waithera aliishi nje kidogo ya Kitale, kwenye nyumba ya mabati mekundu yenye ua wa miiba ya kei-apple. Alimkaribisha Nelima kwa chai ya maziwa na viazi vitamu, akamwita mwanangu, akamuuliza habari za watoto. Nelima alikunywa chai yote kwanza. Kisha akaanza kusifu picha za ukutani na kuuliza nani ni nani, na mama akafurahi kueleza. Ngige alipewa jina la baba yake Gicheru. Nyaruai, wa pili, alipewa la mama yake Gicheru. Kitinda mimba, msichana, alipewa la mama yake Waithera. Ndivyo Wakikuyu wanavyofanya, kila mtoto anamrudisha mtu wa nyumba, na zamu hazirukwi.

"Rosaline alikuja kabla ya huyu wa mwisho," Nelima alisema. "Ilikuwa zamu ya jina la mama yako. Mbona hukumpa?"

Waithera aliweka kikombe chini. Alisema kwamba jina lilitolewa na naibu wa chifu. Nelima alimwambia kwamba ametoka kwa mzee Kipngetich sasa hivi, na mzee amekana. Kuku waliingia na kutoka bila mtu wa kuwafukuza.

"Jina haliibwi," Waithera alisema mwishowe. "Lile la mama yangu lilikuwa linangoja mtoto wa tumbo langu. Ningempa huyu, mama yangu angerudi kwa damu ya watu wengine. Na huyu pia alikuwa na mtu wake wa kurudisha. Ningemnyimaje?"

"Mtu wake nani?"

"Nyanya yake."

"Ulijuaje nyanya yake aliitwa nani, mama?"

Hapo Waithera aligundua mahali alipokuwa amefika. Alikuwa amedanganya polisi, amedanganya chifu, amedanganya kanisa na hata mtoto mwenyewe. Ni kwa jina tu alishindwa kudanganya, na hakuona kwamba jina ndilo lingemtoboa. Alianza kulia bila sauti, akijifuta kwa upindo wa kitambaa cha kichwa.

Nelima alimshika mkono. Swali lililomjia lilikuwa la aibu, lakini lilikuwa na matumaini ndani yake, kwa hiyo aliliuliza. Je, mtoto alikuwa wa Gicheru? Kama baba ni Mkenya, yote yangekwisha hapo.

"Kila mtu angeuliza hilo. Ningekuwa na bahati hiyo, mwanangu, ningelisema hata kanisani." Waithera alitikisa kichwa. "Alikuja kwetu tumbo likiwa mbele."

Wakati huo mtu akiomba kibarua cha palizi alikuwa haulizwi anatoka wapi. Huyu aliitwa Nabwile, msichana mdogo tu, na alikuwa amevuka daraja la Lwakhakha kutoka upande wa Uganda. Alilima mistari michache, akajifungulia jikoni kwa Waithera. Mama yake mzazi, aliyeitwa Nakhungu, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kwao hakuna ambaye angempokea na mtoto asiye na baba. Aliomba jambo moja tu, kwamba mtoto aitwe Nakhungu, kisha akaondoka. Gicheru na mkewe waliogopa kuulizwa karatasi za mtoto wa mgeni. Wakakubaliana kusema ameokotwa.

"Yuko wapi sasa?"

Waithera alikuwa amemwona mara moja tu, miaka iliyopita, anauza njugu sokoni Bungoma karibu na reli. Walitazamana, kila mmoja akajifanya hamjui mwenzake. Baadaye akasikia kwa wauzaji wengine kwamba mama huyo ni bibi ya mtu anayeitwa Wabwile, wa ukoo wa Basombi, na kwamba ana kitambulisho cha Kenya kama mtu mwingine yeyote.

Nelima aliinuka karibu kuruka. Ikiwa mama ana kitambulisho cha Kenya, pengine alikuwa Mkenya tangu zamani, watu wa mpakani wana jamaa pande zote mbili. Na mtoto wa Mkenya ni Mkenya, awe ameokotwa au hakuokotwa. Alimwambia Waithera kwamba kesho anakwenda Bungoma kumtafuta huyo mama.

"Kwa hiyo huyu mtoto wangu, nimemharibia?"

"Hapana, mama. Umefanya vizuri," Nelima alisema, na safari hii aliamini kila neno. "Ukweli utamsaidia."

*

Soko la Bungoma lilikuwa limechangamka, na wenye bodaboda walikuwa wanaitana kutoka reli mpaka upande wa ofisi za serikali. Nelima alimpata bila taabu. Aliuliza tu njugu za bibi ya Wabwile, akaonyeshwa mwanamke mnene kiasi, mchangamfu, aliyekuwa anapepeta njugu kwenye ungo huku akimchokoza jirani yake. Hakuwa na alama ya uchungu wowote. Alikuwa mtu aliyefaulu kuishi.

"Mulembe, mayi," Nelima alimsalimu kwa lugha ya nyumbani, na mwanamke akaitikia vizuri. Nelima alionja njugu, akasifu, kisha akaanza yale ambayo Wabukusu wawili wakikutana huulizana kabla ya mambo mengine yote, wewe ni mtoto wa kina nani. Nabwile alijibu haraka, kama mtu aliyekariri. Alisema kwamba yeye amezaliwa hapa hapa Bungoma, baba yake ni wa ukoo wa Basombi.

"Na mzee wako Wabwile, yeye ni wa ukoo gani?"

Ungo ulisimama. Mbukusu haolewi katika ukoo wa baba yake, hilo mtoto wa nasari analijua, na hakuna mzee ambaye angekubali kula ng'ombe wa ndoa kama hiyo. Nelima alingoja. Alikuwa ameshaelewa. Siku ya kutafuta kitambulisho walihitaji mtu wa kusimama mbele ya chifu aseme huyu ni binti yangu. Aliyekuwa karibu ni kaka mkubwa wa mume. Kwa serikali jambo likapita. Kwa mila, mwanamke huyu alikuwa ameolewa na baba yake mdogo.

Nelima alimwonyesha kitambulisho chake cha kazi, polepole, chini ya meza. Nabwile aliweka ungo chini. Vidole gumba vyake viliingia ndani ya ngumi na kubaki humo, na Nelima akamkumbuka msichana wa benchi.

"Sikuja kwa sababu ya kitambulisho chako," Nelima alisema. "Nimetoka Kitale, kwa Mama Ngige. Sema ukweli, mayi. Ukweli utakusaidia."

"Utanisaidia mimi ama wewe?"

Nelima alimweleza habari zote kwa sauti ya chini, uuguzi, hospitali ya misheni, mahojiano ya kesho. Aliuliza kama kuna njia yoyote, baba wa mtoto, jamaa wa upande huu, mtu yeyote. Nabwile alijibu bila kuinua macho. Baba wa mtoto alikuwa mtu wa huko huko ng'ambo, alikana mimba, na sasa amekufa. Jamaa wa upande huu hana. Kitambulisho alichonacho ndicho hicho Nelima alichokwisha kukigundua.

"Wabwile anajua kwamba ulizaa kabla?"

"Hajui. Yeye ni mtu wa kanisa. Ako na watoto wanne na mimi, wa kwanza anafanya mtihani mwaka huu." Nabwile alimtazama sasa, na macho yake yalikuwa makavu. "Madam, ukiniita mbele ya watu nitasema sijui hiyo mambo. Nitaapa hata na Bibilia. Nikikubari huyo mutoto, watauriza mimi nirizaliwa wapi. Nitapoteza nyumba, na yeye hatapata kitu. Wewe umesoma, si uniambie kama ni uongo."

Haikuwa uongo. Nelima alisimama hapo akiona jinsi kila mlango alioufungua kwa bidii yake ulivyomfungia Rosaline mwingine. Aliaga. Alikuwa ameshageuka Nabwile alipomwita, kwa sauti ambayo jirani hakuweza kuisikia.

"Anaitwaje?"

"Nakhungu."

Kumbe miaka yote Nabwile alidhani wameshambadilisha jina, kwamba mtoto alipewa jina la Kikikuyu na mambo yakaisha. Aliinama chini ya meza kana kwamba anatafuta kitu, akakaa huko zaidi ya ilivyohitajika. Alipoinuka alikuwa ameshika gazeti lililokunjwa, akalijaza njugu zilizokaangwa za kipimo kikubwa, akamsukumia Nelima. Nelima alipotoa pesa alizikataa. Hakusema ni za nani.

*

Gari lilipopita Kamukuywa, njiani kurudi Kitale, Nelima alikuwa ameamua. Angemwambia Rotich kwamba simu ilikuwa fitina ya Ngige, kwamba mzee Kipngetich amezeeka na kumbukumbu zimemchanganya, na kwamba mama wa msichana hajulikani. Hakuwa amewahi kuficha jambo katika kazi yake. Alishangaa kuona lilivyo rahisi, na hata alijikuta anaimba wimbo wa kwaya huku mashamba ya mahindi yakipita.

Aliingia ofisini mchana. Waithera alikuwa amekaa mbele ya meza ya Rotich, amevaa kitambaa chake cha kanisani, mkoba mapajani. Rosaline alikuwa amesimama dirishani. Mama alipomwona Nelima uso wake uling'aa, na Nelima alijua kabla neno halijasemwa.

"Nimesema yote, mwanangu," Waithera alisema. "Kama ulivyoniambia. Usiku nimelala vizuri, sijalala hivyo tangu Gicheru alipokuwa hai. Nikaona nisikungoje, mahojiano ni kesho. Nikamwambia mtoto, nikaja naye tumwambie mkubwa."

Rotich hakumwangalia mtu usoni. Alieleza kwa maneno machache kwamba maelezo ya mama yameandikwa na kutiwa sahihi, na hayawezi kuondolewa. Mama mzazi anajulikana jina, nyanya anajulikana jina, na kijiji walichotoka ni cha ng'ambo ya daraja. Kesho hakutakuwa na mahojiano. Faili itapelekwa Nairobi, na huko wataamua msichana ni wa nchi gani, kama ipo itakayomkubali. Waithera alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, na ule mng'ao ukaanza kumtoka polepole.

"Lakini inspekta alisema utamsaidia," alisema. "Ukweli. Si ulisema?"

Nelima alisema ndiyo, alisema.

"Sasa," Rotich alimgeukia, "mama anasema ulienda Bungoma kumtafuta huyo Nabwile. Ulimpata?"

Rosaline aligeuka kutoka dirishani. Asubuhi hiyo alikuwa amepoteza nchi, lakini alikuwa ameambiwa kwamba ana mama, na mama huyo yuko hai mahali fulani, na macho yake yalikuwa yanasema hivyo waziwazi. Nelima alihesabu haraka kama alivyozoea kuhesabu. Akisema amempata, Rosaline hatarudishiwa chochote, na mwanamke mmoja wa sokoni atafuatwa mpaka nyumbani kwake. Akisema hakumpata, atakuwa amemnyang'anya huyu msichana kitu cha mwisho alichobakiwa nacho. Yeyote angeweza kuokolewa isipokuwa Rosaline.

"Sikumpata," alisema.

"Hata dalili, madam?" Rosaline aliuliza. Vidole gumba vilikuwa ndani ya ngumi.

"Hata dalili."

Rotich alitikisa kichwa, akafunga faili. Waithera alisaidiwa kwenda nje kupunga hewa, na Rosaline akaenda kukaa kwenye benchi lake la siku zote, kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Nelima alimfuata. Alikaa kando yake, akatafuta maneno katika yote aliyowahi kuwaambia watu, asipate hata moja la kutumia. Mwisho alifungua mkoba, akatoa lile gazeti lililokunjwa, akaliweka katikati yao.

"Kula kitu," alisema. "Hujala tangu asubuhi."

Rosaline alichukua njugu chache, kwa adabu tu. Kisha akachukua nyingine. Alikula taratibu, akitazama ukuta, mpaka njaa ikamshinda akala kama mtu mwenye njaa.

"Ni tamu," alisema. "Umenunua wapi?"

"Njiani," alisema Nelima.